MARTIN LUTHER NA DENI LISILOLIPIKA

Haya wadau, nimerudi. Nilipotea hapa karibu mwezi mzima, na baadhi yenu mkaandika kuuliza kama nimeachana na kublogu. Sijaachana. Nilikuwa nasoma. Na nilichokuwa nasoma kilianzia msibani, kwa hiyo ngoja nianze hapo hapo.

Mwaka juzi tulimpoteza bibi, mama yake baba. Mtu wa kanisani tangu usichana wake: kwaya aliimba, kanisa alifagia, wagonjwa alitembelea. Miaka miwili ya mwisho alikuwa wa kitandani, hatoki. Siku ya pili ya msiba akaja mzee mmoja wa kanisa na daftari. Akamvuta baba pembeni, chini ya mwembe, wakaongea kwa sauti ya chini. Kumbe bibi alikuwa na deni. Ahadi ya jengo hakuimaliza, na kadi yake ilikuwa na miezi mingi mitupu. Mpaka deni liishe, ibada ya mazishi hakuna, azikwe na majirani tu. Baba hakubishana. Alikifungua kikapu cha rambirambi, wakahesabu, wakamalizana. Bibi akazikwa vizuri, kwa nyimbo na mashada. Kanisa lenyewe silitaji, na naomba msinilazimishe huko kwenye maoni.

Ila usiku baada ya mazishi shangazi yangu mkubwa, amekaa zake kwenye mkeka, aliuliza swali lililonyamazisha ukumbi mzima. Aliuliza zile siku kabla deni halijalipwa, mama yake alikuwa wapi. Yaani alikuwa ameshapokelewa, au alikuwa anasubiri mlangoni mpaka daftari lifungwe? Hakuna aliyejibu. Mjomba mmoja akaomba chai.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, theolojia sijasoma. Nilichokuwa nacho ni maktaba na intaneti ya kuunga bando. Nikaanza kutafuta nani aliwahi kuliuliza swali la shangazi kabla yake, na jina moja likawa linajirudia: Martin Luther. Najua wengi mkisikia hilo jina mnamfikiria yule Mmarekani mweusi, Martin Luther King. Siye. Ila kuna kamba kati yao. Baba yake King alikuwa akiitwa Michael, na mwanawe pia Michael. Mwaka 1934 mzee huyo alitembelea Ujerumani, na aliporudi alibadili jina lake na la mtoto kwa heshima ya huyu ninayemwandika leo.

Sasa tumwendee mwenyewe. Alizaliwa 10 Novemba 1483 katika mji mdogo wa Eisleben, nchi ambayo leo ni Ujerumani. Kesho yake akabatizwa, na kwa kuwa ilikuwa siku ya Mtakatifu Martino, jina likapatikana hapo hapo. Baba yake, Hans, alitoka kwenye ukoo wa wakulima akaingia kwenye biashara ya shaba huko Mansfeld, akapanda mpaka akawa anaendesha matanuru ya kuyeyushia. Wazee wa namna hiyo tunao hata huku. Aliyepata kwa jasho hataki mwanawe achafuke mikono. Hans alitaka mwanasheria ndani ya nyumba, basi. Akamsomesha Martin mpaka Chuo Kikuu cha Erfurt, na mwanzoni mwa 1505 kijana akapata shahada ya uzamili, akaanza sheria kama mzee alivyopanga.

Mipango ikaharibiwa na radi. Tarehe 2 Julai 1505 Martin alikuwa njiani anarudi chuoni kutoka kwa wazazi. Karibu na kijiji cha Stotternheim mvua ikamkuta, radi ikapiga jirani naye. Kwa woga akamlilia Mtakatifu Anna, ambaye watu wa migodini walimwona kama msimamizi wao, na akaweka ahadi kwamba akipona atakuwa mtawa. Akapona. Tarehe 17 mwezi huo huo akabisha hodi kwa watawa Waagustino pale Erfurt. Marafiki walimsihi, mzee Hans alifura. Wala haikusaidia, manake ahadi ni ahadi.

Hilo ndilo lililonishika mimi. Huyu jamaa anayejulikana dunia nzima kwa kufundisha kwamba Mungu hadai malipo, safari yake ilianza kwa kulipa ahadi aliyoitoa akiwa amekufa kwa woga.

Na aliilipa hasa! Wengine wanaingia utawani wanatulia, yeye aliingia kama mtu anayekimbizwa na mdai. Alifunga kula siku kadhaa mfululizo, alikesha akisali, alilala kwenye baridi ya Ujerumani bila blanketi za kutosha, mpaka uzeeni akawa analaumu miaka ile kwa ugonjwa wa tumbo uliomsumbua. Kuungama ndiyo usiseme. Kuna nyakati aliungama kwa saa sita. Anamaliza, anatoka, akifika mlangoni anakumbuka dhambi nyingine, anarudi. Mkuu wake, Johann von Staupitz, mtu mpole kweli, alifika mahali akachoka, akamwambia aje na dhambi za maana badala ya kumletea vijidhambi vya kitoto. Lakini Luther alikuwa na hoja: kama kila dhambi lazima itajwe ndipo isamehewe, je, zile nilizozisahau? Na zile ambazo hata sikujua ni dhambi? Hesabu haifungi.

Mwaka 1507 aliadhimisha misa yake ya kwanza. Mzee Hans alikuja na msafara wa watu wenye farasi na akatoa pesa nzuri kwa monasteri, wote wakadhani yameisha. Kwenye chakula mwana akamuuliza baba kama sasa amekubali. Hans, mbele ya watawa wote, akawauliza kama hawajasoma amri ya kumheshimu baba na mama. Akaongeza kwamba yawezekana ile radi haikutoka kwa Mungu hata kidogo, ila ilikuwa hila ya shetani. Fikiria mtoto mwenye hofu ya kumkosea Mungu anaambiwa maneno hayo siku yake kubwa. Naamini lile neno lilimkaa kooni miaka mingi.

Safari ya Roma ndiyo sehemu niliyoisoma mara mbili mbili. Mwishoni mwa 1510 alitumwa huko kwa miguu, yeye na mtawa mwenzake, kwa shauri la shirika lao. Roma kuna ngazi zinaitwa Ngazi Takatifu, ngazi 28 za marumaru, na mahujaji huzipanda kwa magoti. Watu waliamini kwamba ukizipanda na kusali kwenye kila ngazi unaweza kumtoa ndugu yako toharani, kule ambako roho husafishwa kabla ya mbinguni. Luther alizipanda kwa ajili ya babu yake, baba yake Hans. Wazazi wake walikuwa hai bado, kwa hiyo babu ndiye aliyekuwa wa kulipiwa. Alipofika juu kabisa, magoti yanauma, likamjia swali: nani ajuaye kama ni kweli?

Hapo nikamkumbuka shangazi kwenye mkeka. Miaka 500 katikati, bahari katikati, rangi tofauti, na swali ni lile lile kuhusu mzee aliyekufa. Ukishalipa, nani ajuaye kama imetosha?

Baada ya Roma alihamishiwa Wittenberg, kimji kidogo chenye chuo kikuu kichanga, na Oktoba 1512 akawa daktari wa theolojia. Kazi ikawa kufundisha Biblia: Zaburi, kisha mwaka 1515 Waraka kwa Warumi. Mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba kuna maneno mawili kwenye Warumi 1:17 aliyachukia: haki ya Mungu. Sasa sisi Waswahili tunaweza kumwelewa upesi, kwa sababu neno haki kwetu nalo lina sura ya mahakama. Ukisikia haki ya Mungu inakuja, mtu mwenye dhambi anaona hakimu na kitabu cha kesi. Luther aliona hivyo hivyo. Aliona haki ile ni fimbo, tena fimbo iliyowekwa ndani ya habari njema yenyewe, na moyoni alimkasirikia Mungu kabisa.

Akalipiga lile neno usiku na mchana mpaka likafunguka. Akaona kwamba haki inayosemwa pale si ile ambayo Mungu anaitumia kumhukumu mtu. Ni ile anayompa mtu bure, na mtu anaipokea kwa kuamini tu. Biblia yetu ya Kiswahili ina neno zuri mno hapa, kuhesabiwa haki. Kuhesabiwa! Sio kwamba umelipa, bali aliyeshika daftari ameamua kukuandika kama aliyelipa, kwa sababu mwingine, Kristo, amelipa. Luther alisema alijisikia kama malango ya peponi yamefunguka na ameingia. Wataalamu wanabishana ilikuwa mwaka gani hasa, kuna wanaosema kabla ya ugomvi wa 1517 na kuna wanaosema baada yake. Kwangu sioni shida, mambo makubwa ya moyoni hayaji na muhuri wa tarehe.

Basi wakati haya yanachemka kichwani mwake, pesa zikaingia kwenye hadithi. Alikuwepo kijana wa ukoo wa kitawala, Albrecht wa Brandenburg. Alikuwa tayari na uaskofu mkuu wa Magdeburg, mwaka 1514 akautaka na wa Mainz. Kuwa na vyote viwili kulihitaji kibali cha Roma, na kibali kilikuwa na bei. Albrecht akakopa kwa matajiri wa benki wa Augsburg, ukoo wa Fugger, zaidi ya guldeni 20,000. Alipeje? Ikapangwa biashara ya vyeti vya msamaha katika maeneo yake: nusu ya mapato ikajenge Kanisa la Mtakatifu Petro Roma, nusu ikalipe deni la Fugger. Waumini walitangaziwa Mtakatifu Petro tu. Ile nusu nyingine hawakuambiwa.

Muuzaji mkuu aliitwa Johann Tetzel, mtawa Mdominiko, mdomo wake ulikuwa mtamu kama wa wauza dawa wa stendi. Bei ilikuwa na madaraja. Wafalme na maaskofu walitakiwa kutoa guldeni 25, chini yao wakashuka kadiri ya kipato, na maskini asiye na kitu aliruhusiwa kusali na kufunga. Hilo la maskini nalisema kwa kuwa kuna watu wanalificha ili hadithi ipendeze. Na ungeweza kumnunulia marehemu pia. Tetzel alijua pa kubonyeza: aliwauliza watu kama hawawasikii wazazi wao wakilia kutoka kwenye moto. Mtawala wa Saksonia, Friedrich aliyeitwa Mwenye Hekima, aliikataza biashara hii kwake, ila msimpe sifa nyingi mno, naye alikuwa na makumbusho yake ya masalia ya watakatifu yaliyokuwa yakivuta mahujaji na sadaka zao. Watu wa Wittenberg wakavuka mpaka kwenda Jüterbog, wakanunua, wakarudi kwa Luther na vyeti mkononi wakisema hawahitaji tena kutubu.

Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alimwandikia Albrecht barua, na akaambatanisha hoja 95 kwa Kilatini. Ile picha ya nyundo na mlango wa kanisa wengine wanasema haikutokea, mimi sitaki kugombana na mtu juu ya misumari. Barua ilienda, hilo halina ubishi. Humo aliuliza maswali ya kawaida kabisa ambayo hata mama muuza vitumbua angeuliza. Kama Papa ana uwezo wa kuzitoa roho toharani, kwa nini asizitoe zote kwa upendo, anasubiri pesa? Kwa nini asilijenge kanisa la Petro kwa fedha zake, badala ya za waumini maskini? Mashine za kuchapa vitabu zikazichukua hoja zile, zikatafsiriwa Kijerumani, na katika wiki chache nchi nzima ilikuwa inazungumza.

Yaliyofuata yanafahamika, nitakwenda mbio. Mwaka 1518 alihojiwa Augsburg na Kardinali Cajetan, akagoma kufuta. Mwaka 1519 alibishana Leipzig na Johann Eck, mjanja wa midahalo, aliyemsukuma mpaka akakiri kwamba hata mitaguso ya Kanisa inaweza kukosea, na kwamba baadhi ya mafundisho ya Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415, yalikuwa ya Kikristo. Hapo alikuwa amejifunga kamba mwenyewe. Juni 1520 Papa Leo wa Kumi akatoa hati ya kumwonya, Desemba Luther akaichoma hadharani, na Januari 1521 akatengwa na Kanisa. Aprili akaitwa mjini Worms mbele ya Kaisari Karl wa Tano, kijana wa miaka 21. Meza imejaa vitabu vyake. Akaulizwa mambo mawili: ni vyako? unavikana? Watu husimulia kama vile alinguruma papo hapo. Hapana. Sauti yake ilikuwa ndogo, na aliomba muda wa kufikiri. Wakampa siku moja. Kesho yake ndipo alipokataa, akisema asiposhawishiwa kwa Maandiko au kwa hoja ya wazi hawezi kwenda kinyume cha dhamiri yake. Mimi ile siku moja aliyoomba naipenda kuliko jibu lenyewe.

Akapigwa marufuku, mtu yeyote angeweza kumkamata. Friedrich akapanga atekwe njiani na kufichwa kwenye ngome ya Wartburg. Huko akafuga ndevu, akavaa kama askari mpanda farasi, na kwa muda wa wiki kumi na moja hivi akalitafsiri Agano Jipya lote kwa Kijerumani cha watu. Likatoka Septemba 1522.

Na hapa ndipo kuna ule ubishi wa neno moja. Warumi 3:28 alipoitafsiri aliandika kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani peke yake. Hilo la peke yake halimo kwenye Kigiriki. Niliichukua Biblia ya bibi, ile ya Union, nikafungua: halimo pia. Wapinzani wakamshika koo, wakasema amemwongezea Paulo maneno. Mwaka 1530 akajibu kwa kiburi chake chote kwamba Kijerumani kizuri kinalidai neno hilo, kwamba ukisema hiki na si kile, mtu wa sokoni huweka tu pale katikati, na kwamba maana ya Paulo ndiyo hiyo. Kwa Kiswahili naona ana pointi, hata sisi tungesema ni imani tu. Lakini wapinzani nao walikuwa na lao: mahali pekee kwenye Biblia ambapo maneno imani peke yake yanakaa pamoja ni Yakobo 2:24, na Yakobo anakataa. Luther hakuupenda Waraka wa Yakobo, aliuona mwepesi, akausogeza kule nyuma ya Agano Jipya lake. Hilo sikubaliani naye. Huwezi kuomba kila mtu asimame chini ya Maandiko halafu waraka usiokupendeza unausukuma mwisho wa foleni.

Wanaomsikia haraka wanadhani alisema ukiamini tu, kaa, kula, lala. Kitabu chake cha 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo kinasema kingine. Mti mzuri huzaa matunda mazuri, ila matunda hayaufanyi mti kuwa mzuri. Mtu aliyesamehewa hana tena haja ya kufanya wema ili ajiokoe, kwa hiyo mikono yake iko huru kumfanyia jirani. Yaani jirani anapata msaada wa kweli, badala ya kutumiwa kama ngazi ya kupandia mbinguni. Hili lilinichukua siku mbili kulielewa.

Na hakuwaambia watu wasichange. Mwaka 1523 alisaidia mji wa Leisnig kuandika kanuni za sanduku la pamoja, ambalo pesa zake zingelisha maskini na yatima na kuendesha shule, mahesabu yakitolewa wazi. Tofauti ni kwamba lile sanduku halikuwa na funguo za mbinguni. Kazi ilikuwa ngumu hata hivyo. Watu walipoambiwa wokovu ni bure, wengi wakaacha kutoa chochote. Mwaka 1530 Luther alikasirishwa na waumini wake mwenyewe wa Wittenberg mpaka akagoma kuwahubiria kwa miezi. Nilicheka peke yangu maktaba nikatazamwa.

Sasa sehemu mbaya, siwezi kuiruka. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliasi dhidi ya mabwana zao. Wengi wao walilisikia neno uhuru kwake. Mwanzoni aliwakemea wote, mabwana kwa ukatili na wakulima kwa silaha. Kisha akaandika kijitabu cha kuwataka watawala wawapige na kuwaua waasi bila huruma. Watawala hawakuhitaji kusukumwa. Pale Frankenhausen, Mei 1525, maelfu walichinjwa. Inasimuliwa kwamba kiongozi wao, Thomas Müntzer, aliwaahidi atazidaka risasi kwa mikono ya joho lake. Nikamkumbuka Kinjeketile na maji yake, na nikakumbuka Wajerumani wale walikuja kuwa kina nani kwetu. Hesabu ya waliokufa katika vita vile hukadiriwa hadi kufikia 100,000.

Mwaka 1543 akafanya baya zaidi. Aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi, akishauri masinagogi yao yachomwe, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vichukuliwe. Wanazi walikuja kukitumia karne nne baadaye, na mmoja wa wachochezi wao, Julius Streicher, alilitaja jina la Luther alipojitetea kwenye kesi ya Nuremberg. Walutheri wenyewe wamekikana kitabu hicho, wale wa Marekani kwa tamko la mwaka 1994. Mtu aliyeandika vizuri kuliko wote kwamba Mungu anampokea asiyestahili, akaja kuwafungia mlango watu aliowaona hawastahili. Sina namna ya kuliweka hili likae vizuri. Halikai.

Turudi nyumbani kwake kidogo, tupumue. Juni 1525, katikati ya damu ile, alimwoa Katharina von Bora, mtawa aliyetoroka monasterini usiku wa Pasaka 1523 kwa gari la mfanyabiashara aliyekuwa akiwapelekea watawa samaki. Mama wa kazi huyo! Alipika pombe, alifuga, alilima, alipangisha wanafunzi, na ndiye aliyeshika pesa, kwa sababu mumewe alikuwa hajui kumnyima mtu. Walizaa watoto sita. Elisabeth alikufa mchanga mwaka 1528. Magdalena alikufa Septemba 1542 akiwa na miaka 13, mikononi mwa baba yake. Luther alikiri kwa rafiki zake kwamba anajua kabisa binti yake yuko mahali pazuri, hana shaka hata chembe, na bado analia na hawezi kujizuia. Hakumnunulia cheti. Hakupanda ngazi.

Kuna kitu kingine nilikigundua ambacho shuleni hatukuambiwa. Mwaka 1534 shemasi mmoja kutoka Ethiopia, Mikaeli, alifika Wittenberg akazungumza na Luther kuhusu imani, na Luther alifurahi kuona Kanisa la kale la Waafrika lililoishi bila kuwa chini ya Papa. Sisi kwenye historia ya kidato cha pili tulikaririshwa tu wamisionari ni mawakala wa ukoloni, pamoja na wapelelezi na wafanyabiashara. Sikatai, Walutheri wa Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887 Wajerumani wakiwa wanajipanga kutawala, na wale wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893. Lakini mazungumzo yalikuwa yameshaanza zaidi ya miaka 350 kabla, na Mwafrika ndiye aliyesafiri. Wakoloni waliondoka, Walutheri wa Tanganyika wakaunganisha makanisa yao saba mwaka 1963 kuwa KKKT, na mwaka 1977 Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani.

Wadau Wakatoliki msinune. Biashara ile ya vyeti ilikomeshwa na Kanisa lenu wenyewe, katika Mtaguso wa Trento uliofanyika kati ya 1545 na 1563. Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika Kristo, bila mastahili yake. Kwa hiyo siku hizi swali la nani analipisha watu halijui dhehebu.

Mzee wetu alikufa alikozaliwa. Januari 1546, baridi kali, yeye mgonjwa wa moyo, alisafiri kwenda Eisleben kusuluhisha ugomvi wa mali wa watawala wa Mansfeld. Akausuluhisha. Usiku wa kuamkia 18 Februari kifua kikambana. Marafiki wakamzunguka, manake walijua maadui wanasubiri kusikia kwamba shetani amekuja kumchukua. Wakamuuliza kama anakufa akiwa bado anaishikilia imani aliyoifundisha. Akaitika ndiyo, wakamsikia wazi. Alikuwa na miaka 62. Hakupakwa mafuta, wala hakupigiwa hesabu ya chochote alichokuwa anadaiwa. Kwenye karatasi aliyoiandika siku mbili kabla, mstari wa mwisho unasema kwamba sisi ni ombaomba, na ndiyo ukweli.

Nilimsomea shangazi habari ya ile karatasi nilipokwenda kumsalimia mwezi uliopita. Hakusema kitu. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kadi ya bibi, ile yenye miezi mitupu, ambayo sasa ina muhuri kwamba imelipwa yote. Kumbe ndiye aliyekuwa nayo. Baba anataka ichomwe, shangazi hataki hata kusikia. Tulichokubaliana kwa sasa ni ikae ndani ya Biblia ya marehemu, nami ndiye niliyeiweka, Warumi mlango wa tatu.